"Tulikuwa Watoto": Mbabe wa Utotoni na Suala la Radhi

Barbara Cartland alizaliwa mwaka 1901 katika mtaa wa Edgbaston, hapa Birmingham, na alipofariki mwaka 2000 alikuwa amekwisha kuandika vitabu vinavyozidi 700. Vingi kati ya hivyo ni riwaya za mapenzi zilizowekwa katika Uingereza ya zamani, yenye magari ya farasi, makasri na mabwana wenye vyeo. Wahakiki hawakumhesabu miongoni mwa waandishi wakubwa, wala sina nia ya kumtetea. Hata hivyo, aina ya riwaya aliyoistawisha ina kanuni ambayo haijachoka hadi leo: mwanamume mwenye nguvu na ulimi mkali humwumiza msichana asiye na mtetezi, kisha hubadilika, na ndoa ndiyo huwa hati ya kuthibitisha kwamba amebadilika kweli. Lipo tawi la kanuni hiyo linalorudi nyuma zaidi. Bwana yule alimtesa msichana tangu wote wawili wakiwa watoto. Alimzomea, akambandika jina la kumdhalilisha, akawachochea wenzake wamcheke. Miaka 10 au 15 inapita. Anarejea kutoka vitani au kutoka makoloni akiwa na mabega mapana na majuto tele. Msomaji anajua tangu kurasa za mwanzo kwamba atasamehewa. Kinachomfanya aendelee kusoma ni kutaka kujua atasamehewa vipi.

Ni rahisi kuzicheka riwaya hizi, na wasomi tumezoea kuzicheka. Lakini nani kati yetu tuliosoma shule za bweni Afrika ya Mashariki asiyekumbuka vile vitabu vya Mills & Boon vilivyopita mkono kwa mkono hadi majalada yakabanduka? Kitabu kinachosomwa kwa siri baada ya taa kuzimwa, tena na msichana mwenye mtihani kesho yake, kina jambo kinachomwambia. Nadhani jambo lenyewe ni hili: riwaya hizi huthubutu kuuliza swali ambalo watu wazima hulikwepa. Mtu aliyekuonea mkiwa watoto, je, anaweza kusamehewa, na kwa hoja gani? Jibu lao ni kwamba anasamehewa kwa sababu anapendwa. Mapenzi yanalipa deni. Na kwa kuwa kisa kimevikwa mavazi ya kale, jeraha nalo linaonekana la kale, halitoi damu.

Jibu hilo halinitoshi. Lakini kabla ya kusema kwa nini, naomba swali lenyewe tulitoe makasrini, tulilete katika mitaa ya mji huu alikozaliwa Cartland.

Mwezi Machi 1968, baada ya mjadala wa siku chache tu bungeni, Uingereza ilipitisha sheria ya kuwazuia raia wake wenye asili ya Asia waliokuwa wakiondoka Kenya wasiingie kwa uhuru nchini mwake. Tarehe 20 Aprili mwaka huohuo, katika Hoteli ya Midland katikati ya Birmingham, mbunge wa Wolverhampton, Enoch Powell, alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji ambayo hadi leo hutajwa kila linapozuka suala la rangi nchini humu. Miaka minne kabla ya hapo, katika uchaguzi wa 1964, jimbo jirani la Smethwick lilikuwa limempata mbunge kwa kampeni iliyojengwa juu ya chuki ya rangi. Ndiyo maana Malcolm X alifika Smethwick Februari 1965, siku chache kabla ya kuuawa, akatembea katika barabara ya Marshall ajionee mwenyewe. Halafu ukaja mwaka 1972, Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na maelfu yao wakaja kuishi katika miji hii ya kati ya Uingereza.

Haya yako katika vitabu vya historia. Yasiyoandikwa sana ni ya uwanja wa shule. Mfikirie mtoto wa miaka tisa aliyetoka Nairobi au Kampala, anayezungumza Kigujarati na wazazi wake na Kiswahili na kila mtu mwingine, anaingia darasani Jumatatu baada ya hotuba ya Powell. Mwenzake wa umri uleule ameyasikia mezani nyumbani yale yaliyosemwa hotelini. Hajui uraia ni nini, wala Kenya iko wapi, lakini anajua sasa kwamba yule mgeni anaweza kupigwa na hapana mtu mzima atakayekasirika sana. Ubabe wa watoto una akili hiyo: hupima kwanza upepo wa watu wazima. Mtoto aliyepigwa siku ile leo ni bibi au babu mwenye miaka sitini na kitu. Aliyempiga pia ni babu. Huenda wanaonana dukani.

Meera Syal, aliyezaliwa Wolverhampton mwaka 1961 kwa wazazi waliotoka India, aliandika juu ya miaka hiyo katika riwaya yake *Anita and Me* ya 1996. Meena, msichana mdogo anayekulia katika kijiji cha kubuni karibu na Wolverhampton, anavutiwa na Sam Lowbridge, kijana mkorofi wa kijijini ambaye daima amekuwa mwema kwake. Kisha siku moja, mbele ya umati, Sam anasimama na kuwatukana watu weusi. Baadaye wanakutana, na Sam anajitetea kwamba alipowasema wale hakumkusudia yeye. Aliwakusudia wale wengine. Meena anamjibu kwamba hao wengine ndio yeye. Hapo Sam anambusu.

Busu hilo huwatatiza wanafunzi, na sishangai. Mbele yetu tuna viungo vyote vya riwaya ya Cartland: kijana mkali, msichana anayempenda kwa siri, majuto, na busu. Lakini Syal anakataa kuyaunganisha. Sam anatoa kile anachodhani ni msamaha wa kuombwa, kumbe ni upendeleo. Anamtoa Meena katika kundi la wanaodharauliwa ili aweze kumpenda, na dharau yenyewe anaiacha palepale ilipokuwa. Hapa ndipo hoja ya mapenzi kulipa deni inapoanguka. Mpenzi anaweza kukupenda wewe bila kujutia alilolitenda. Anachohitaji ni kukufanya wewe kuwa wa pekee. Deni la aliyemzomea mtoto kwa sababu ni maskini, au ni mweusi, au ana kigugumizi, si deni la mtu mmoja tu. Bwana harusi wa Cartland anapopiga magoti, anampigia magoti msichana aliyekuwa mrembo ukubwani. Sijaisoma bado riwaya ambamo anampigia magoti yule asiyekuwa mrembo.

Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili kuliko tunavyoutumia. *Samahani* ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya "nisamehe". Ile *-ni* ya mwisho ilikuwa "mimi". Katika Kiswahili *-ni* hiyo imekufa. Sikio letu laweza hata kuisikia kama ile ya *njooni* na *ketini*, ya kuwaambia watu wengi. Mimi niliyekosa nimetoweka ndani ya neno. Haishangazi kwamba leo tunasema samahani kumwomba abiria asogee, kumwuliza mpita njia saa ngapi, na kumkatiza mhadhiri. Tunapotaka kusema kwa dhati, hulazimika kurudi kwenye kitenzi na kujitaja upya: *nisamehe*.

*Radhi* ni mnyama mwingine. Anayesema *niwie radhi* haombi afutiwe. Anaomba moyo wa mwenzake uwe katika hali fulani kumwelekea yeye. Radhi haitolewi kwa kutamka tu. Mzazi anaweza kusema amesamehe na bado mtoto akajua kwamba radhi hana. Ndiyo sababu mtu anayekwenda Hija, kule pwani, huzunguka kwa jamaa na majirani akiomba radhi nyumba kwa nyumba, na ndiyo sababu katika mazishi waliohudhuria huombwa wamsamehe marehemu, na mwenye kumdai ajitokeze. Nyuma ya desturi hizi kuna fundisho ambalo wanafalsafa wa Ulaya wamelifikia kwa njia ndefu: haki za waja hazisamehewi na mwingine yeyote ila mja mwenyewe aliyedhulumiwa. Hata Mwenyezi Mungu, kwa mujibu wa fundisho hilo, humwachia aliyeonewa haki yake. Hapana mwakilishi, wala hapana msamaha wa jumla.

Kutokana na radhi tumepata pia *maridhiano*, neno ambalo Wazanzibari walilipa uzito wa kisiasa pale Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Novemba 2009, na wananchi wakaukubali mfumo wa serikali ya umoja katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010. Angalia umbo la neno: kuridhiana, pande mbili. Mtu anaweza kusamehe peke yake chumbani kwake. Kuridhiana peke yake hawezi. Na watu wanaweza kuridhiana bila ya yeyote kusamehe chochote, jambo ambalo Visiwani wanalielewa vizuri.

Nimeanza kuyafikiri haya kwa sababu ambayo si ya kitaaluma tu. Mwaka jana niliingizwa katika kundi la WhatsApp la waliosoma shule moja ya bweni katika nyanda za juu za Tanzania. Picha zikamiminika: mashati meupe, bwalo, mwalimu wa hesabu ambaye sasa ni marehemu. Siku ya tatu nikapata ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu niliyemfahamu mara moja kwa jina lake la utani. Nilipokuwa njuka, nina miaka 13, yeye alikuwa kidato cha tatu. Sitasimulia yote. Niseme tu kwamba usiku mmoja wa Julai, katika baridi ambayo wasomaji wa Iringa na Njombe wanaijua, alitusimamisha njuka watatu chini ya tangi la maji mpaka alfajiri, tukiwa tumelowa, kwa kosa la kucheka. Sasa ananiandikia: "Daktari, samahani sana mdogo wangu kwa yale ya zamani. Tulikuwa watoto."

Ujumbe wa maneno machache kama huu unastahili kusomwa kwa makini ileile tunayoitumia kusomea shairi. *Samahani* nimekwisha kuizungumzia. *Yale ya zamani* hayana jina wala idadi. *Mdogo wangu* ni tamko la upendo, nami nalipokea hivyo. Lakini pia linanirudisha mahali pangu. Kaka huombwa radhi, ni nadra yeye kuomba, na mdogo aliyelelewa vizuri hamwachi kaka yake akisubiri. Undugu wenyewe umekuja na jibu lake mkononi. Na lile la mwisho, *tulikuwa watoto*, ni sentensi ya kisheria. Wingi wake unatuweka yeye nami upande mmoja, kana kwamba usiku ule ulikuwa mchezo tulioucheza sote, na utoto wake unafuta kosa kabla halijasemwa.

Je, utoto unafuta kosa? Hili ndilo suala gumu kuliko yote katika mada hii, na riwaya za mapenzi hulipita mbio. Sheria ya Uingereza, tangu 1963, inasema mtoto hawezi kushtakiwa kwa jinai kabla ya kutimiza miaka 10. Mapokeo ya Kiislamu yanasema kalamu haimwandiki mtoto hadi abaleghe. Kwa kipimo cha kwanza na hata cha pili mbabe wangu wa kidato cha tatu hakuwa mtoto, lakini tumwachie hilo. Tumchukue yule mwenzake mtoto wa Nairobi, mwenye miaka tisa. Hana jinai, hana dhambi. Basi ombi la msamaha kutoka kwake akiwa na miaka sitini lina maana gani? Unamsameheje asiye na kosa? Na huyu babu wa leo ndiye yule mtoto? Hakuna hata chembe ya tabia ile iliyobaki ndani yake, tuseme. Anayebeba jina lile ni mtu mwingine.

Mafakihi walikuwa na tofauti moja ambayo naiona kuwa na manufaa kwetu hata nje ya dini. Mtoto akivunja chombo cha mtu haandikiwi dhambi, lakini chombo kitalipwa. Dhambi na dhamana ni vitu viwili. Ya kwanza inahitaji akili pevu na kusudio. Ya pili inahitaji tu kwamba kuna kitu kilichovunjika na mkono uliokivunja. Nadhani tunakosea tunapodhani kwamba baada ya kuthibitisha kuwa mtoto hakuwa na dhambi tumemaliza shauri. Kilichovunjika kingali kimevunjika. Aliyekivunja, anapofikia umri wa kujua, anakuwa mdhamini wa tendo ambalo pengine asingelaumiwa kwalo. Halaumiwi kwa kupiga akiwa na miaka tisa. Anaweza kulaumiwa kwa namna anavyolisimulia pigo lile akiwa na miaka arobaini: kama kichekesho cha kundi la WhatsApp, au kama tukio lililompata mtu halisi.

Kwa mwanga huo, nimerudi kuisoma upya *Jane Eyre* ya Charlotte Brontë, iliyotoka 1847, ambayo naihesabu kuwa mama wa riwaya zote za namna hii na bora kuliko binti zake. Inaanza na mbabe. Jane ana miaka 10, yatima, anaishi kwa mkaza mjomba wake. Binamu yake John Reed ana 14. John anamrushia kitabu, kichwa cha Jane kinagonga mlango, damu inatoka. Jane anapojitetea, anayefungiwa chumbani ni Jane. Kisha anapelekwa shule ya Lowood, anakutana na Helen Burns, msichana mpole anayemfundisha kutoweka kinyongo, na Jane anabishana naye: anayeonewa na asirudishe pigo anamfundisha mwonevu aendelee. Wasomaji wengi huchukulia kwamba Helen ndiye aliyeshinda mjadala ule. Sina hakika kwamba Brontë alikusudia hivyo, maana Helen anakufa kwa kifua kikuu, na Jane anaishi.

Yapata miaka tisa baadaye Jane anaitwa tena katika nyumba ile. John amekufa London baada ya kufuja mali, na inasemekana alijiua. Brontë hampi Jane nafasi ya kukutana naye tena. Anayemkuta kitandani ni mama yake, anayekaribia kufa, na ni huyo mama ndiye anayepewa msamaha, ijapokuwa hauombi, na anakufa bila kuupokea. Zamani niliona hapo pana pengo katika riwaya: mbabe mwenyewe amewekwa wapi? Sasa naona mwandishi alijua alilolifanya. John alikuwa mtoto aliyeruhusiwa. Mwenye dhambi ni yule mtu mzima aliyeona damu na kumfungia aliyetokwa na damu. Msamaha wa Jane unaelekezwa pale ambapo kosa lilikuwa na akili timamu. Tukiihamishia hoja hii Birmingham ya 1968, nadhani inatuzuia kumkamata mtoto wa miaka tisa na kuwaacha waliokuwa hotelini. Ikihamishiwa kwenye bweni, nauliza alikuwa wapi mwalimu wa zamu usiku ule, na kwa nini sote, wakubwa kwa wadogo, tulijua kwamba hatakuja.

Tena angalia hili: msamaha wa Jane haufuti habari. Anatuhadithia yote, neno kwa neno, katika kitabu kizima. Amesamehe na amesimulia. Kwetu mambo haya mawili huchukuliwa kuwa kinyume. Ukisimulia, utaambiwa bado una fundo moyoni; yaliyopita si ndwele. Methali hii ni ya busara, lakini nimeona kwamba aghalabu huitoa yule ambaye yaliyopita hayakumwuma.

Upande wa pili wapo wanaohimiza kusamehe kwa ajili ya afya. Maduka ya vitabu ya hapa yamejaa ushauri huo, na mimbari zetu pia: samehe upone, kinyongo ni sumu unayoinywa mwenyewe. Sina ugomvi na anayepona. Lakini dawa hiyo inamwondoa kabisa mkosaji katika shauri. Naweza kujitibu hivyo dhidi ya mvua iliyoharibu mahindi yangu. Askofu Joseph Butler, katika hotuba zake zilizochapishwa 1726, alisema jambo ambalo bado lina nguvu: hasira ya aliyedhulumiwa ina kazi halali, kwa kuwa ndiyo inayotangaza kwamba lililotendeka ni dhuluma, si ajali. Kusamehe, kwake yeye, si kutohisi hasira. Ni kuizuia hasira isivuke mpaka wa kazi yake. Nampenda Butler kwa sababu hamharakishi mtu.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina kisa chake kikubwa katika jambo hili, na ni ajabu kwamba hatukitumii mara kwa mara. Katika *Adili na Nduguze*, Shaaban Robert anasimulia habari za Adili ambaye nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini kwa wivu, pamoja na Mwelekevu, binti aliyempenda. Yumo mchumba, umo ukatili wa ndugu, uko ughaibu na ufalme. Ni riwaya ya mapenzi ya kale kwa kila hali. Adhabu ya nduguze ni kugeuzwa manyani, na jini aliyewageuza anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anawachapa akilia, kisha anawalisha.

Picha hiyo imenikaa kwa miaka mingi. Wanaohimiza dawa ya moyo wangesema: huyo ni mtu aliyefungwa na kisasi. Lakini Shaaban Robert ameiweka kinyume. Adili alikwisha kusamehe zamani. Anataka sana kuacha kuchapa. Hawezi, kwa sababu msamaha wake peke yake hautoshi kuwarudisha nduguze katika ubinadamu. Inabidi Mfalme Rai aulize kisa, asikilize, aingilie kati. Yaani inabidi mambo yasikilizwe na mtu wa tatu mwenye mamlaka, na nduguze wenyewe watubu. Moyo wa Adili ni safi tangu mwanzo, na bado kila usiku kiboko kinashuka. Wapo wazee katika mji huu ambao wamewasamehe wote waliowapiga, wanasema hivyo na nawaamini, na bado wakipita mbele ya geti la shule fulani hubadilisha upande wa barabara.

Abdulrazak Gurnah, katika *By the Sea* ya 2001, hakuweka jini wala mfalme. Saleh Omar, mzee wa Kizanzibari, anaingia Uingereza kuomba hifadhi kwa pasipoti yenye jina la mtu aliyekuwa hasimu wake, na mwana wa hasimu huyo, Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu London, anakuja kumtembelea katika mji mdogo ufukweni. Latif alikuwa kijana mdogo wakati nyumba ya baba yake ilipochukuliwa, na amekua na chuki hiyo. Wanakaa, wanakunywa chai, wanasimuliana. Kila mmoja anagundua kwamba mwenzake alikuwa na kipande cha kisa ambacho yeye hakuwa nacho; Latif hakujua kwamba mzee yule alifungwa miaka mingi, na kwamba mkewe na binti yake walikufa akiwa gerezani. Hakuna anayepiga magoti. Neno msamaha halina kazi kubwa mle. Kinachobadilishana mikono ni habari, zikiwa na tarehe, vyombo na majina ya watu.

Baada ya kuyasoma hayo upya ndipo nilipomjibu yule kaka. Sikumwambia nimemsamehe, wala sikumwambia sijamsamehe. Nilimwandikia: "Kaka, nashukuru kwa ujumbe. Naomba unisimulie unachokumbuka kuhusu usiku wa tangi." Alama mbili za buluu zikatokea, kisha kimya cha siku tisa. Nilidhani tumemaliza.

Siku ya kumi ukaja ujumbe wa sauti wa dakika 11. Alianza kwa kukohoa na kusalimia watoto wangu. Kisha akasimulia, na alikumbuka zaidi yangu. Alikumbuka kwamba kosa halikuwa kucheka. Tulikuwa tumemwona akilia, baada ya barua kutoka kwao. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, akiwa njuka, alisimamishwa chini ya tangi lilelile, na hakulitaja hilo kama udhuru. Alilitaja, akanyamaza, akaendelea. Hakusema tena "tulikuwa". Alisema "nilikuwachukueni", "niliondoka nikalala". Mwishoni akauliza kuhusu yule njuka wa tatu, mdogo kuliko sisi sote, aliyepata homa ya mapafu na kurudishwa kwao kabla ya likizo. Alisema amemtafuta kwa miaka miwili, amepiga simu hadi kijijini, na ndiyo sababu aliniandikia mimi: alidhani labda najua alipo.

Sijui alipo. Nimeuliza kundini, watu zaidi ya 200, na hakuna hata mmoja anayelikumbuka jina la baba yake.